Fedha za Uzeeni: Zitumike Ngapi kwa Mwaka?



Katika barua zilizotufikia tangu kumalizika kwa msimu, iko moja ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Mwandishi wake ni mwanachama wa Pemba, naye ametuomba tusilitaje jina lake wala la kijiji chake. Asema ametimiza miaka 63, magoti hayamruhusu tena kupanda mti, na katika mwaka mdogo, akishawalipa wachumaji, hubakiwa na kidogo mno. Lakini misimu mitatu mizuri imemwachia akiba ya shilingi milioni 40, nayo imekaa benki yote. Hataki kuwa mzigo kwa wanawe. Swali lake ni hili: yeye na mkewe watumie kiasi gani kila mwaka, ili fedha zisije zikamalizika nao wangali hai?

Tumeona yafaa kulijibu swali hilo hapa badala ya kumjibu yeye peke yake, maana twajua kwamba wako wengi wenye swali lilo hilo. Wengine hawana hata robo ya akiba hiyo, na hao ndio wenye haja zaidi ya kuifanya hesabu mapema.

Mtumishi wa serikali astaafupo hupata kiinua mgongo chake na pensheni ya kila mwezi, na kazi ya kuzifanya fedha zidumu huwa juu ya watu wengine, wenye kalamu na vitabu, katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Mkulima hana wa kumfanyia kazi hiyo. Shamba ndilo mfuko wake, na shamba lenyewe mara nyingi halina njia ya kugeuzwa fedha: aliyepewa eka tatu za Serikali hana ruhusa ya kuziuza, na mwenye shamba la urithi huenda akawa anachangia miti na ndugu kumi. Kweli, tangu mwezi wa Aprili 2016 iko Pencheni Jamii, ambayo Serikali ya Mapinduzi huwalipa wazee waliotimiza miaka 70, awe mtu aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni jambo jema, na asiyejiandikisha na ajiandikishe. Walakini 50,000 kwa mwezi ni 600,000 kwa mwaka, na mwenzetu huyu ana miaka saba ya kungoja.

Basi turudi kwenye zile milioni 40.

Watu wengi wakiulizwa, hujibu kwa wastani. Husema: fedha zangu zikizaa 10 kwa mia kila mwaka, nami nikala 10 kwa mia, rasilmali yangu haitaguswa kamwe. Hesabu hiyo ni nzuri mdomoni, na hapana watu wanaopaswa kuiona kasoro yake kuliko sisi. Mkarafuu hubeba sana mwaka mmoja, kisha ukapumzika, na mwaka mwingine mtu hupanga majamvi uwanjani na hana cha kuyajaza. Wastani wa miaka minne ni neno la ripoti za maofisa wa kilimo. Mtoto haendi skuli kwa wastani, wala duka halikopeshi mchele kwa wastani.

Tuchukue wazee wawili, mmoja tumwite wa kwanza na mwingine wa pili. Kila mmoja ana milioni 60 alizoziweka katika biashara ambayo faida yake hupanda na kushuka, na kila mmoja mwisho wa mwaka hutoa milioni 6 za matumizi. Mzee wa kwanza ana bahati mbaya mwanzoni: mwaka wa kwanza fedha zake zinapungua kwa 20 kwa mia, wa pili kwa 10 kwa mia, wa tatu hapana faida wala hasara, kisha miaka mitatu mfululizo zinaongezeka kwa 20 kwa mia. Mzee wa pili hupata miaka ile ile sita, ila kwa kugeuza: mitatu ya neema kwanza, kisha ule usio na faida, kisha hasara ya 10, na mwisho hasara ya 20.

Lau wangaliziacha fedha bila ya kuzigusa, wote wawili wangalikuwa sawasawa, kila mmoja na milioni 74 na zaidi ya nusu. Wastani wao ni mmoja. Lakini wao wanakula. Mzee wa kwanza, baada ya kutoa milioni 6 mwaka wa kwanza, anabaki na milioni 42, mwaka wa pili milioni 31.8, mwaka wa tatu milioni 25.8. Hata miaka mitatu ya neema inapomjia haimwinui, maana mbegu imekwisha kuliwa, na mwisho wa mwaka wa sita ana milioni 22.7. Mzee wa pili ana milioni 43.8. Wamekula sawasawa, milioni 36 kila mmoja, wamepata miaka ile ile, na mmoja ana karibu mara mbili ya mwenzake. Anayetaka kuhakikisha na achukue karatasi aifanye mwenyewe. Twapenda wanachama waifanye, kwa sababu mtu akishaifanya mara moja haisahau.

Hapo ndipo ilipo hatari ya miaka ya mwanzo ya uzeeni. Mtu anayeuza sehemu ya mali yake mwaka wa bei mbaya huuza nyingi kupata fedha kidogo, na alichokiuza hakipo tena bei inaporudi. Ni kama kukata mikarafuu kuni katika mwaka mdogo. Kuni utapika, lakini mwaka mkubwa utakukuta na visiki.

Jambo hili limechunguzwa sana Marekani, ambako hesabu za masoko zimehifadhiwa kwa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 1994 mshauri wa mambo ya fedha wa California, William Bengen, alichapisha uchunguzi wake. Alichukua hesabu za soko la nchi yake tangu mwaka wa 1926, akauliza: mtu aliyestaafu mwaka huu au ule, akiwa ameweka nusu ya fedha zake au zaidi katika hisa za makampuni na zilizobaki katika hatifungani za serikali, angeweza kutoa kiasi gani fedha zikadumu miaka 30? Hakutafuta wastani, alitafuta mwaka mbaya kuliko yote. Akaona kwamba aliyetoa 4 kwa mia ya fedha zake mwaka wa kwanza, yaani shilingi 4 katika kila 100, kisha kila mwaka akaongeza kwa kadiri bei za vitu zilivyopanda, hakuishiwa, hata kama alianza katika mwaka mbaya. Baadaye mwenyewe aliipandisha kadiri hiyo kidogo baada ya kuchanganya aina nyingine za hisa.

Kilichotushangaza sisi ni nani alikuwa na bahati mbaya kuliko wote. Mtu hudhani ni aliyestaafu mwaka wa 1929, soko la New York lilipoanguka. Siye. Ni yule aliyestaafu katikati ya miaka ya 1960, wakati kila kitu kilipoonekana kuwa shwari. Huyo alikutwa na mwaka wa 1973 na wa 1974, hisa zilipopoteza karibu nusu ya thamani yake, na wakati huo huo bei za vitu zikawa zinapanda mno. Aliyestaafu 1929 alipoteza fedha, lakini bei za vyakula nazo zilianguka, basi shilingi yake chache zilinunua zaidi. Kupanda kwa bei kulimuumiza mzee kuliko kuanguka kwa soko.

Sisi wa nchi hii hatuna haja ya kwenda Marekani kulijua hilo. Katika miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa kadiri ya 30 kwa mia kila mwaka. Mwaka wa 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17; mwaka wa 1990 ilikuwa karibu shilingi 195. Mzee aliyezifungia noti zake sandukuni mwaka wa 1985, hata asiibiwe hata moja, alikuwa amekwisha kuibiwa. Siku hizi bei hazipandi kwa kasi ile, lakini zapanda. Iko njia nyepesi ya kukisia: gawanya 72 kwa kadiri ya kupanda kwa bei, utapata miaka ambayo bei zitakuwa maradufu. Zikipanda 4 kwa mia, ni miaka 18. Zikipanda 6 kwa mia, ni miaka 12. Mwenzetu wa miaka 63, Mungu akimjaalia kufika 81, atanunua kilo ya mchele kwa bei maradufu ya leo hata kama nchi itakuwa na utulivu. Kwa hiyo akiba ya uzeeni isikae yote mahali pasipozaa, hata pakiwa salama namna gani.

Sasa, ile 4 kwa mia ni ya Marekani, na haifai kuchukuliwa kama ilivyo ikaletwa huku. Masoko yao ni makubwa, yetu ni machanga: Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kazi mwaka wa 1998 kwa hisa za kampuni moja, TOL. Hatifungani zetu kwa upande mwingine hulipa zaidi kuliko zao. Lakini ndani ya hesabu ile mna mambo mawili yasiyobadilika kwa bahari wala mpaka: ule mwaka wa kwanza kwa unyonge, na tegemea kuwa mwaka mbaya utakuja mapema.

Jambo jingine ni mahali pa kuziweka fedha, na hapa yatubidi tukae kidogo, kwa sababu mkulima wa karafuu ana hatari yake mwenyewe ambayo mshauri wa mjini haijui.

Mwezi wa Aprili 1872, katika zama za Seyyid Barghash, tufani kubwa iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba haikudhurika sana. Mwenye mashamba Unguja peke yake ilimpasa aanze na miche, angoje miaka sita au saba mpaka ua la kwanza, na mingi zaidi mpaka mti ukomae. Mwenye shamba huku na huku alichuma karafuu za Pemba, tena kwa bei iliyopanda kwa sababu ya uchache. Tangu wakati huo Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi. Watu walijifunza kwamba mali isikae kisiwa kimoja.

Lakini visiwa viwili havikumfaa mtu, msiba ulipokuja kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara zao za kreteki. Waindonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe kwa maelfu ya eka, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa karibu kujitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka. Aliyekuwa na shamba Mkoani na jingine Kizimbani aliumia kote kuwili, maana upepo hupiga kisiwa kimoja, lakini bei hupiga vyote.

Twayasema haya kwa sababu wanachama wetu wengi wanapopata fedha za mwaka mkubwa huzitawanya, nao hudhani wamezitawanya kweli. Mmoja anunua mikarafuu zaidi. Mwingine afungua duka kijijini. Mwingine ajenga nyumba ya kupangisha katika mji wa karibu, na mwingine awakopesha majirani. Kwa macho hizo ni mali nne mbalimbali. Lakini wateja wa duka ni nani? Wakulima wa karafuu. Mpangaji huyo analipa kodi kwa fedha zitokazo wapi? Na majirani watarudisha deni lini? Mwaka karafuu zikikosa au bei ikianguka, duka hulala, mpangaji huomba muda, na mdaiwa hupita njia ya nyuma. Mali nne zaanguka siku moja, na siku hiyo ndiyo mzee anayotaka kula. Ndivyo mashamba mengi yalivyoingia rehani katika miaka ya 1930: fedha za mwaka mkubwa zililiwa, mwaka mdogo ukakopewa juu ya shamba. Nasi tumeona ya karibu zaidi. Mwaka wa 2011 bei ya kilo ilipopandishwa hadi kufika shilingi 15,000, wako waliojenga na wako waliooa, na hatuwalaumu. Lakini wachache walipeleka hata sehemu ndogo ya fedha zile nje ya karafuu.

Hatusemi nyumba au duka ni vibaya. Twasema mzee wa karafuu amekwisha kuweka dau kubwa juu ya karafuu kwa shamba lake, basi akiba yake iende mahali ambapo mvua ya Pemba na bei ya karafuu hazifiki.

Mahali hapo pako. Hatifungani za Serikali huuzwa na Benki Kuu ya Tanzania, za miaka 2 hadi 25, kuanzia shilingi milioni moja, na hulipa faida mara mbili kwa mwaka. Mtu huzinunua kwa kupitia benki au dalali aliyesajiliwa. Uzuri wake kwa mzee ni kwamba malipo yanajulikana tarehe na kiasi. Ubaya wake ni kwamba malipo hayapandi bei zinapopanda, na anayenunua leo hajui atanunua kwa kadiri gani kesho. Waliopata hatifungani za miaka 25 mwaka wa 2021 walipewa faida ya 15.95 kwa mia. Katika mwaka wa 2022 zile mpya za muda huo huo zilitolewa kwa 12.56. Kwa ajili hiyo yafaa kununua za miaka mbalimbali, kama vidato vya ngazi: moja ikikomaa, fedha zake zanunua nyingine, na mtu hajikuti anabadilisha zote katika mwaka mmoja mbaya.

Kisha viko vipande vya mifuko ya pamoja ya UTT, ambayo hukusanya fedha za watu wengi wadogo na kuzigawa katika hisa, hatifungani na amana. Mfuko wa Umoja ulianzishwa mwaka wa 2005, na mwaka wa 2008 ukaja wa Jikimu kwa wale watakao mapato ya mara kwa mara. Mtu anaweza kuanza na kiasi kidogo, na akitaka kuuza hangoji mnunuzi kama anavyongoja mwenye hisa sokoni. Ziko pia hisa zenyewe, za mabenki na viwanda. Hizo ndizo zinazoweza kukimbizana na bei kwa miaka mingi, na ndizo zinazoweza kumtia mtu homa kwa mwaka mmoja. Fedha za kula za karibuni zisikae huko.

Wako wanachama wasiotaka riba, na hesabu hii ni yao pia. Yako madirisha ya benki yanayofuata sharia, na mwaka wa 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa sukuk yake ya kwanza. Hisa za kampuni yenye biashara ya halali ni ushirika, wala si mkopo. Kila mmoja na amwulize anayemwamini katika dini yake.

Na mwisho wa orodha hii, mche wa mkarafuu. Wazee hucheka tukiwaambia wapande wakiwa na miaka 60. Lakini mche wa leo utatoa maua mzee akiwa na miaka 67, wakati hasa ambapo fedha zake zimeanza kupungua, na mti hupandisha bei yake pamoja na dunia, jambo ambalo hatifungani haliwezi. Kuziba mapengo ya miti iliyokufa ni uwekezaji wa bei nafuu kuliko wote tuliotaja. Tena ni wa halali kwa kila mtu.

Tumefika kwa mwenzetu. Lau tungaliulizwa tumpangie, tungalipanga hivi, na mwingine aweza kupanga vingine.

Matumizi ya mwaka wa kwanza yawe shilingi milioni 2, yaani 5 kwa mia ya akiba, karibu 166,000 kwa mwezi, mbali na kile shamba litakachotoa. Tumezidisha kidogo juu ya ile 4 ya Marekani kwa sababu hatifungani zetu hulipa zaidi, na kwa sababu yeye ana shamba bado na Pencheni Jamii iko mbele yake. Kila mwaka aongeze kwa kadiri bei zilivyopanda, isipokuwa mwaka ambao akiba imepungua. Mwaka huo abaki na kiasi cha mwaka uliopita. Na kama siku moja akiona kuwa anachokula kwa mwaka kimepita 7 kwa mia ya akiba iliyobaki, apunguze mara moja, asingoje msimu.

Milioni 4, yaani chakula cha miaka miwili, zikae benki katika akaunti anayoweza kuifikia. Hii ndiyo ghala yake. Mwaka soko likianguka, atakula humo, wala hatauza kitu. Milioni 24 ziende katika vidato vya hatifungani au sukuk. Zikizaa, tuseme, 10 kwa mia, hizo ni milioni 2.4 kwa mwaka: milioni 2 zamlisha, na 400,000 zarudi kununua nyingine. Milioni 10 ziende katika vipande na hisa, naye azisahau kwa miaka kumi akiweza. Milioni 2 zilizobaki zirudi shambani kwa miche, palizi na majamvi mapya.

Kijana wake huenda akamwambia: baba, mbona unajinyima, milioni 40 zote zikiwekwa katika hatifungani za 12 kwa mia utapata milioni 4.8 kila mwaka! Ni kweli atazipata. Lakini bei zikipanda 5 kwa mia, milioni 2 katika hizo si faida. Ni fidia ya shilingi iliyopungua nguvu, na akizila anakula shamba lake kidogo kidogo bila ya kuona. Baada ya miaka 14 zile milioni 4.8 zitanunua nusu ya zinachonunua leo, naye atakuwa na miaka 77, asiyeweza tena kuongeza kitu.

Mwaka mkubwa ukija, kazi ya kwanza ya fedha zake ni kuijaza ghala ya miaka miwili ikiwa imepungua, kabla ya bati jipya na kabla ya harusi. Twajua kwamba hili ni gumu kulitenda kuliko hesabu yoyote iliyo juu, hasa harusi ikiwa ya mjukuu.

Kuhusu usalama, Bodi ya Bima ya Amana humfidia mwenye akaunti benki yake ikifilisika, na kinga hiyo ilipandishwa kutoka milioni 1.5 hadi milioni 7.5. Kwa mwenye milioni 40 katika benki moja, kama alivyo mwenzetu leo, sehemu kubwa iko nje ya kinga. Tena, mtu asikubali maneno ya anayeahidi kuzifanya fedha maradufu kwa miezi michache. Mwaka wa 2009 upatu wa DECI ulifungwa na Serikali baada ya watu wengi sana kuingiza fedha zao, na mipango ya namna hiyo huzaliwa upya kila miaka michache kwa majina mapya, siku hizi kwa njia ya simu. Dalili yake ni moja: faida ya aliyetangulia ni fedha za aliyeingia nyuma yake. Wapatu hawa wajua misimu yetu, nao huja karafuu zikishauzwa.

Limebaki jambo la mkewe. Barua yasema yeye na mkewe, lakini akaunti ni ya jina moja, nasi twakisia kwamba mkewe hajui hata benki ni tawi gani. Wanawake wengi huishi zaidi ya waume zao, na mume akifa akaunti hufungwa mpaka mirathi ipite mahakamani, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi, ilhali mchele hununuliwa kila siku. Basi ile ghala ya miaka miwili nusu yake iwe kwa jina la mke tangu leo. Na zilizobaki ziandikwe katika daftari moja: benki na namba ya akaunti, hatifungani ngapi na zakomaa lini, vipande vingapi, dalali ni nani, nani anadaiwa na nani anadai, na miti iliyo katika ushirika na ndugu ni ipi. Daftari hilo lisifungiwe kabatini na ufunguo ukawa mfukoni mwa mzee. Mkewe na mtoto mmoja anayeaminiwa wajue liko wapi, na kila mwisho wa msimu wakae wote watatu walifungue, waandike akiba imebaki ngapi na mwaka ujao itatumika ngapi.